Nimeachiwa kipindi cha kuchora, na mimi kuchora sijui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya msingi wilayani Newala, mkoani Mtwara. Nina cheti cha ualimu, nasubiri ajira, na kwa sasa nafundisha Hisabati darasa la tano. Mwenzetu wa Sanaa na Michezo amekwenda likizo ya uzazi, na kwa siku zile 84 atarudi shule zikikaribia kufungwa Desemba. Mwalimu mkuu amenikabidhi vipindi vyake vya darasa la tatu na la nne. Maelekezo niliyopewa ni niwape kitu cha kuchora, watulie.

Shangazi, kuchora sijui. Hata ramani ya Tanzania ubaoni huwa namwomba mwenzangu anichoree. Tena darasa la tatu peke yake wanapita 90, wamebanana kwenye madawati, rangi hakuna, na penseli nyingine zimebaki vipande vya kushika kwa ncha za vidole. Niliingia mtandaoni kwa simu yangu nikatafuta michoro rahisi ya misimu ambayo mwalimu wa kushikia kipindi anaweza kuingia nayo darasani bila ufundi. Nikaipata tele: boga lenye macho na meno la mwezi wa Oktoba, majani mekundu yanayopukutika, mtu wa theluji kavaa skafu. Nikachora lile boga ubaoni, watoto wakanakili. Darasa zima likatoa boga moja. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, kwa nini boga hili lina meno?" Nikakosa la kumjibu.

Kipindi kilichofuata nikawaambia kila mtu achore anachopenda. Nusu wakachora nyumba ile ile ya mlango mmoja na madirisha mawili, pembeni bendera. Wengine wakakaa tu wananitazama: "Madamu, mimi sijui kuchora."

Naomba unipe kazi za kufanya kuanzia sasa Septemba mpaka tufunge shule, ziendane na msimu wa huku kwetu, zisihitaji hela. Na alama nawapaje watoto hawa wakati mimi mwenyewe siwazidi?

Mwalimu wa Kujitolea, Newala

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kubebeshwa mzigo, na hongera kwa kuuliza, maana wengi wakipewa kipindi cha kuchora hukigeuza kipindi cha kusahihisha madaftari yao.

Kwanza tumjibu yule mtoto, kwa sababu swali lake ndilo linalofungua yote. Lile boga ni la sikukuu iitwayo Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, inayosherehekewa sana Marekani. Watu huchonga uso kwenye boga, wakaweka taa au mshumaa ndani, wakaliweka kizingitini. Oktoba ndiyo mwezi wao wa kuvuna maboga, na miezi hiyo hiyo miti yao hubadili rangi na kupukutisha majani. Baada ya hapo kwa wenye baridi kali hushuka theluji. Kwa hiyo mwalimu wa kule anayewapa watoto boga Oktoba na mtu wa theluji Januari anawachorisha walichokiona asubuhi wakija shule. Kazi yake ni nzuri kwa watoto wake. Wewe chukua njia yake, boga lake mwachie. Boga letu lipo, lakini huku mvua ni moja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Maboga tunayachuma mvua zikiwa zimekolea au zinaelekea ukingoni, na ukichora Machi utaweza kulileta bichi lenyewe mezani, na majani yake.

Sasa toka nje ya darasa lako leo Septemba. Kuna nini? Mikorosho, mwanangu. Na huu ndio mwezi ambao tawi moja la mkorosho lina habari nzima: maua madogo yenye petali tano, mengine meupe na mengine yamekwisha kuwa mekundu kwa kuzeeka, korosho changa za kijani, na kwenye miti ya mapema, mabibo yameanza kuiva. Waambie watoto wawili wa jirani na shule waje na vitawi vilivyoanguka, au uombe kwa mwenye shamba. Kitawi kimoja kwa dawati.

Usichore kitu ubaoni. Hilo ndilo ninalokuomba kuliko mengine yote. Ukichora, watanakili mkono wako, na mkono wako unasema wewe mwenyewe haujui. Wakiwa na kitu chenyewe mbele yao, mwalimu anakuwa kile kitawi, na wewe kazi yako inabaki kuuliza. Uliza: korosho iko juu ya bibo au chini? Imeshikia wapi? Kipi kimetangulia kukua? Hapo utasikia darasa limechangamka, kwa sababu watoto wa Newala wana habari hizi tangu wajifunze kutembea, ila hakuna aliyewahi kuwauliza shuleni. Korosho hutangulia, inafikia ukubwa wake ikiwa ya kijani, ndipo kikonyo chake kinavimba na kuwa bibo. Mtoto akishalisema hilo kwa mdomo wake, halichori tena kimakosa. Dakika tano za kutazama penseli zikiwa chini, kisha wachore wakianza na korosho: herufi C iliyonenepa. Halafu bibo juu yake, pana kule kwenye kikonyo au jembamba? Wasitazame kwako. Watazame kitawi.

Wiki mbili au tatu baadaye rudia tawi lile lile la mti ule ule, ukurasa unaofuata. Kisha tena Oktoba mwishoni. Mwenye daftari ataona msimu unavyokwenda ndani ya kurasa zake. Ukitaka kuongeza, msimu ukichanganya waache wachore mambo ya mnadani: magunia, mizani, mtu aliyebeba mgongoni. Ila wakati huo usishangae baadhi ya viti kuwa vitupu, kwa kuwa watoto wengi huwa shambani wakiokota korosho na wazazi wao. Akirudi, mpe nafasi achore alichokifanya huko. Usimwanze kwa fimbo ya maneno.

Tahadhari mbili hapa, nazo si za kupuuza. Korosho ghafi isipasuliwe darasani, wala asiwepo wa kuichoma. Ndani ya ganda lake kuna mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto akijisugua jicho nayo mtatafutana zahanati. Korosho nzima isiyopasuka wanaweza kuishika, kisha wanawe mikono. Na maji ya bibo yasitumike kama rangi, hata wakikusihi: doa la bibo kwenye shati jeupe la shule halitoki, na mama atakuja kukuuliza wewe.

Kwa wale wanaosema "mimi sijui kuchora," anza na jani kabla hata ya kitawi. Chukua jani la mkorosho lililoanguka karibuni, ambalo halijakauka likawa la kuvunjika. Liweke chini ya karatasi, upande wenye mishipa iliyotokeza ukitazama juu. Mtoto analaza penseli ubavu na kusugua taratibu, na mishipa yote inajitokeza kwenye karatasi. Karatasi nyepesi za madaftari yetu ya bei ndogo zinafaa sana kwa hili kuliko manila. Penseli ikiwa haipo, kipande cha mkaa kinatosha. Hakuna mtoto anayeshindwa, na yule aliyekuwa ameinamisha kichwa ndiye atakayekuletea daftari wa kwanza. Wakimaliza la mkorosho, leta la mwembe waweke pembeni. La mkorosho limepanuka na kuviringa kuelekea ncha, la mwembe ni refu na limechongoka. Halafu waambie kwamba miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Watabisha, na ubishi huo ni mzuri. Ongeza la mpapai kama una muda, ingawa linataka ukurasa mkubwa.

Jambo la kusisitiza kila kipindi ni mtoto aujaze ukurasa. Watoto wetu wamezoea kubana karatasi, wanachora kitu kidogo pembeni. Wape mfano wa Edward Saidi Tingatinga, jirani yetu hapo Tunduru, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1972. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa Dar es Salaam alianza kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao laini wa kujengea, mnyama mmoja ameenea ubao mzima. Leo michoro ya aina hiyo inaitwa kwa jina lake duniani kote. Alitumia kilichokuwepo dukani, na mnyama wake hakujificha kwenye kona.

Rangi nazo mtazipata mkizitafuta. Mkaa ni mweusi. Kipande cha tofali au udongo mwekundu uliopondwa na kuchekechwa. Bizari ni njano kali. Kisamvu kibichi ukikisugua moja kwa moja kwenye karatasi kinaacha kijani. Choya, yaani rozela, iliyochemshwa inatoa wekundu. Kwa zile za unga, changanya na maji kidogo na uji mwepesi wa muhogo ili zishike zisipukutike. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Fanyeni nje, chini ya mti, mara moja kwa mwezi, wala usijitese kila wiki. Na penseli zikatwe vipande viwili, zigawanywe. Ila wembe wa kuchongea ukae kwako mezani, usizunguke kwenye madawati.

Oktoba na Novemba wapeleke kwenye mlingoti wa bendera. Upepo hauonekani, na hiyo ndiyo raha ya kuuchora. Wasimame dakika chache watazame bendera, moshi wa jiko la shule, nguo zilizoanikwa nyumba ya jirani, matawi ya mwembe. Vyote vinalalia upande gani? Miezi hii kusi inaishiwa nguvu na kaskazi inakaribia kushika, kwa hiyo mkichora bendera mapema Oktoba na tena mwishoni mwa Novemba, huenda ikawa imegeukia upande mwingine. Ni somo la sanaa na la jiografia kwa pamoja, na wewe wa Hisabati unaweza kuwaonesha pembe. Walimu wa Mikindani, Lindi na Kilwa Masoko wanaosoma hapa watumie matanga: tanga la jahazi likijaa upepo lina mstari mmoja uliopinda ambao mtoto akiupata, jahazi zima linakwenda.

Kama shule yenu ina mbuyu karibu, uchoreni Oktoba ukiwa mtupu, matawi tu, kwenye nusu ya kushoto ya ukurasa. Nusu ya kulia iachwe wazi mpaka utoe majani. Kuna watoto watakaokuwa wanakwenda kuuchungulia mti kila siku kwa sababu ya hiyo nusu iliyobaki wazi.

Maembe sihitaji kuyaeleza. Ila mchore kabla ya kula.

Halafu ije mvua, na hapa ndipo utakaponishukuru. Unalijua bati la shule mvua inapopiga: hata ukipaza sauti, wa dawati la tatu hakusikii. Walimu wengi hukaa chini wakisubiri ipite. Kipindi cha kuchora hakihitaji sauti. Andika ubaoni neno moja, KUMBIKUMBI, kisha gawa ulichokiokota asubuhi chini ya taa ya nyumbani kwako. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka kwa maelfu, na watoto wenyewe watakuja nao kwenye vikopo, kama hawajawala njiani. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayokaribia kulingana urefu, miguu sita, na kichwa chenye vipapasio viwili. Ubaoni andika tarakimu tu: 4, 6, 2. Watatafuta wenyewe kila tarakimu inahusu nini. Mabawa yaliyodondoka wanaweza kuyabandika kwenye mchoro kwa uji, yakakaa vizuri kabisa, na mishipa yake inaonekana. Ukikosa kumbikumbi utapata jongoo, ambaye ni rahisi zaidi: mstari mmoja uliojikunja, pingili, na miguu mingi isiyohitaji kuhesabiwa.

Zimebaki sikukuu. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru, na shule zinaweza kuwa zimeshafungwa, kwa hiyo bendera ya Taifa na mwenge vifanywe wiki ya mwisho ya Novemba. Mkichora ya Krismasi kabla ya kufunga, achana na msonobari wenye theluji. Kuna mkrismasi, ule mti wenye maua mekundu unaowaka miezi hiyo hiyo, na una kivuli ambacho darasa zima linaweza kukaa. Idd na Ramadhani zinarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi tazama kalenda ya mwaka husika. Kazi nzuri za wakati huo ni mapambo: mkeka, kofia ya mkono, kanga yenye pindo, mji na jina. Tumia daftari la hesabu lenye miraba, mtoto achague umbo dogo moja alirudie mpaka ajaze mji wote. Kazi hizi zitakufaa pia kwa mzazi atakayekuambia kwamba nyumbani kwake hawapendi mtoto achore watu na wanyama. Usibishane naye. Mpe mtoto kanga, jani, tanga la jahazi, naye atajifunza mstari na mpangilio sawa na wenzake.

Jambo moja nalisema taratibu kwa sababu sijui wewe umetokea mkoa gani. Likizo za Juni na Desemba huku ndizo nyakati za jando na unyago. Watoto wakirudi Januari wamenawiri na nguo mpya, mwalimu mgeni anaweza kuwaambia kwa nia njema, "Choreni mlichofanya likizo." Usiliagize hilo. Kuna mambo waliyofundishwa wayatunze, na utamweka mtoto kwenye mtihani asioweza kuujibu. Vinyago vya mapiko navyo, vile vya kuvaliwa kichwani kwenye ngoma za jando, ingawa utaviona kwenye vitabu na makumbusho, ulizia kwanza kwa wazee wa kijiji kabla hujavifanya kazi ya darasani. Ngoma, manju na wapigaji wa sindimba kwenye sherehe ya hadharani, hao wachoreni bila shaka yoyote.

Umeuliza alama. Usitoe alama kwa uzuri, kwa sababu huna kipimo na watoto watajua huna. Toa kwa mambo ambayo hata wewe unaweza kuyaona: je, amekitazama kitu chenyewe (korosho iko mwisho wa bibo, mabawa ni manne)? Je, ameujaza ukurasa? Je, mchoro wake unatofautiana na wa jirani yake? Mchoro uliopinda lakini una jani lililotobolewa na mdudu, kama lile alilokuwa nalo mkononi, upate alama kuliko ule ulionyooka wa kunakili. Madaftari 90 usiyabebe nyumbani. Dakika kumi za mwisho waache wazi juu ya madawati, watoto wazunguke safu kwa safu bila kugusa, na wewe uzunguke na penseli yako ukiandika kwenye orodha. Kila kipindi safu mbili. Ndani ya mwezi utakuwa umewafikia wote.

Na umpigie simu mwenzako aliye likizo, mara moja tu na kwa ufupi, umsalimie na mtoto, umuulize azimio lake la kazi limefikia mada gani. Asikute amerukwa. Wekeni michoro michache kwenye bahasha, tarehe nyuma ya kila mmoja, ili akirudi aone alipoanzia.

Jumatatu anza na majani. Wasimamie waokote wenyewe wakati wa mapumziko, jani moja kila mtu, na wewe uwe na manne ya akiba mfukoni kwa watakaokuja mikono mitupu.

Shangazi